Uta na Mkono Unaouvuta: Tafakuri Juu ya Kuchagua Upinde Ukambani

Wahenga walisema kuwa mshale kwenda msituni haukupotea. Methali hii hutajwa mara kwa mara katika masomo ya fasihi simulizi, nayo hufafanuliwa upesi: juhudi iliyoelekezwa mahali penye matumaini haihesabiwi kuwa imekwenda bure. Ni nadra, hata hivyo, kusikia likiulizwa swali linaloitangulia methali yenyewe. Mshale huo ulitoka katika uta gani? Na aliyeuchagua uta huo alikuwa akitafuta sifa ipi? Katika Kitui na Makueni, nchi ya Wakamba iliyo kati ya nyanda za juu za Kenya na nyika iteremkayo kuelekea pwani, swali hili halikuwa la darasani. Kwa vizazi vingi lilikuwa swali la kitoweo na la heshima, na wakati mwingine la uhai na mauti. Leo limebadilika sura, lakini halijafa. Anayelijibu hujikuta akijibu swali jingine zito zaidi: je, ni halali mtu kutumia nguvu ambayo hawezi kuifuata kwa miguu yake mwenyewe?

Yafaa kuanza na lugha. Neno uta ni la Kiswahili kama lilivyo la Kikamba. Lugha ya zamani ililitumia pamoja na wingi wake nyuta, na ikasema mata kwa maana ya uta pamoja na mishale yake. Wasemaji wengi wa leo wamebakiwa na neno upinde tu. Podo la kutilia mishale liliitwa pia ziaka, na Mkamba huliita thyaka. Kamba ya uta ni upote. Mti mwembamba wa mshale ni wano. Ncha ya chuma ni chembe, au kigumba ikiwa ina miiba ya kuizuia isichomoke. Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kuyaona mambo haya kuwa ya kigeni, maana shujaa mkuu wa tendi zetu, Fumo Liyongo, anakumbukwa kwa uta. Inasimuliwa kuwa alifia kisimani akiwa amepiga goti, mshale ukiwa juu ya upote, na watu wa mji wakakaa siku kadhaa bila kuteka maji kwa kuhofu kwamba angali hai. Uta ulikuwa umeungana na mwenyewe kiasi kwamba watu hawakuweza kuutazama wakasahau mkono unaoushika.

Nchi yenyewe nayo ilikuwa na sauti katika uchaguzi. Kitui na Makueni ni maeneo ya mvua haba isiyotabirika. Mwaka ambao mtama na mbaazi ziliungua, nyama ya porini ndiyo iliyowavusha watoto hadi msimu mwingine. Fauka ya hayo, kulikuwa na soko la mbali. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu hadi Mombasa. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka 1849, akawa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe. Na ni akiwa huko, tarehe 3 Desemba mwaka huo, alipouona Mlima Kenya. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa karibu na Mto Tana baada ya msafara wake kushambuliwa, Krapf akiwamo. Hivyo uta wa Mkamba ulitumikia mabwana wawili: tumbo la nyumbani na tamaa ya ng'ambo. Jambo hili litarejea baadaye, kwa kuwa bwana wa pili ndiye aliyeuharibia uta jina.

Mtoto wa kiume Ukambani hakupewa uta mkubwa siku moja. Alianza na kijiti kilichopindwa na mshale usio na chuma, akalenga ndege na panya shambani. Alipokua alipewa uta wa kadiri yake, akafuata wakubwa na kujifunza kusoma nyayo. Wakati wa kuchagua uta wa utu uzima ulipofika, kulikuwa na mambo matatu yaliyotazamwa.

La kwanza lilikuwa mti. Jamii ya mkole ilipendwa kwa sababu vijiti vyake ni vigumu na hunyumbulika bila kukatika upesi. Kilichotafutwa ni kijiti kilichonyooka, kisicho na fundo mahali pa kupindia, wala jeraha la mdudu. Nyuzi za mti zilipaswa kwenda sambamba toka ncha hadi ncha, kwa sababu pale zinapokatizwa ndipo upinde huvunjikia. Kijiti kilikaushwa polepole, kikachongwa kuwa chembamba kuelekea ncha zote mbili, kikapakwa mafuta kisipasuke kwa jua la nyika.

La pili lilikuwa upote na wano. Upote wa kano za mnyama ulithaminiwa kwa kuwa haunyooki ovyo. Mwenye uta alijifunza kutouachia bila mshale, kwa maana nguvu isiyo na cha kusukuma hurudi katika mti wenyewe na kuupasua. Alijifunza pia kutouacha umekazwa mchana na usiku, kwani mti uliopindwa daima husahau kunyooka. Mawano yalilinganishwa moja baada ya jingine kwa unyofu na uzani. Manyoya ya tai mzoga yalifungwa nyuma ili kuuongoza mshale, na chembe ikatiwa alama ya mwenyewe au ya ukoo wake. Alama hiyo haikuwa pambo. Mnyama aliyekufa mbali na mahali alipopigwa alikuwa na mwenyewe, na ubishi juu yake ulikatwa kwa kuitazama chembe. Kwa msingi huo methali ya mshale uendao msituni hupata maana ya pili: mshale haukupotea kwa kuwa una jina la mtu, na mtu huyo atadaiwa ulichokifanya.

La tatu, na ndilo lililokuwa zito kuliko yote, lilikuwa mkono. Uta ulipimwa kwa mvutaji. Alipaswa kuuvuta hadi kifuani, autulize kwa muda wa pumzi moja au mbili, na mkono usitetemeke. Ukitetemeka, uta huo si wake, hata ukiwa mzuri namna gani. Majirani wa mashariki, Wata, ambao wengine huwaita Waliangulu, walikuwa na pinde kubwa za kutisha. Wazungu waliozipima katika miaka ya 1950 walistaajabu kuona baadhi zikihitaji nguvu ya ratili zaidi ya 100, yaani kilo 45 na kuendelea, ili zivutwe kikamilifu. Mwindaji wa Kiwata alimnyemelea ndovu hadi hatua chache, akatia mshale mmoja ubavuni. Uta wa Mkamba kwa kawaida ulikuwa mfupi na mwepesi zaidi, ukifaa vichaka vizito na uwindaji wa kikundi. Haiwezekani kusema kwamba mmoja ulikuwa bora. Kila mmoja ulikuwa jibu la namna ya kumwendea mnyama.

Hata hivyo, uta wowote ule haukumwangusha ndovu wala nyati kwa nguvu zake peke yake. Kilichoua ni sumu. Mti uitwao msunguti kwa Kiswahili, na kivai kwa Kikamba, huchemshwa vipande vyake hadi pabaki lami nyeusi. Wagiriama walisifika kwa kuitengeneza na kuwauzia majirani. Ndani yake mna kemikali iitwayo wabaini. Mfaransa Arnaud aliitenga mwaka 1888, na jina lake latokana na neno la Kisomali linalotaja sumu ya mishale. Huvuruga mwenendo wa chumvi katika seli za moyo, moyo ukapoteza mapigo yake na kusimama. Sumu hiyo hupungua ukali kwa jua na umande, ndiyo sababu sehemu ya mshale iliyopakwa huzungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi hadi saa ya kutumika. Wawindaji waliijaribu kwa uangalifu: damu kidogo iliachwa itiririke kutoka kwenye mkwaruzo wa ngozi, sumu ikagusishwa chini ya mchirizi, na weusi ukatazamwa jinsi unavyopanda damuni. Ulifutwa kabla haujafika jerahani. Kasi ya weusi huo ndiyo iliyosema kama sumu ingali hai. Nyama ya mnyama aliyeuawa hivyo iliweza kuliwa baada ya kukatwa sehemu iliyozunguka jeraha, kwa kuwa tumbo hupitisha kiasi kidogo tu cha sumu hiyo kuingia katika damu.

Hapa ndipo busara ya uchaguzi inapodhihirika. Sumu haiui papo hapo. Mnyama hukimbia, na mwindaji lazima amfuate. Kuchagua uta, basi, kulikuwa pia kuchagua safari: nitakuwa tayari kumfuata huyu niliyemjeruhi umbali gani, kwa miguu gani, na kwa maji kiasi gani katika kibuyu?

Mzee mmoja wa pande za Ikutha, kusini mwa Kitui, aliulizwa juu ya jambo hili na mjukuu wake aliyekuwa likizoni kutoka chuo kikuu. Ndovu walikuwa wamevuka mpaka wa Tsavo usiku na kula ndengu na mahindi yaliyotegemewa kulipia karo. Kijana alikuwa na hasira. Katika simu yake alikuwa na picha ya upinde wa kigeni, uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki, wenye kifyatuzi na darubini ya kulengea.

"Babu," alisema, "huu huvutwa mara moja tu, ukashikwa na mtambo. Mtu hachoki. Hata mimi naweza kuutumia leo hii."

Mzee aliitazama picha kwa muda mrefu. "Hupiga mbali?"

"Mbali kuliko wako."

"Na mnyama akipigwa huko mbali, atakwenda kufia wapi?"

Kijana hakuwa na jibu.

"Ni nani atakayemfuata, mjukuu wangu? Wewe uliyesema hutaki kuchoka?"

Mzee hakuongeza neno, akarudi kuchambua mbegu zake. Lakini hoja yake yastahili kupimwa kwa haki, maana upinde wa kifyatuzi hauwezi kutupwa kwa sababu tu ni wa kigeni. Afrika yenyewe iliujua: Wafang wa Gabon na maeneo jirani walikuwa na pinde za namna hiyo, zikirusha vijiti vidogo vilivyotiwa sumu. Katika nchi kama Marekani, ambako uwindaji kwa pinde hizo unaruhusiwa kwa leseni na misimu maalumu, mnunuzi hushauriwa kutazama uzani wa chombo, nguvu ya kuvuta, urefu wa mwendo wa upote na uimara wa kufuli la usalama. Nguvu ya kuvuta ya upinde huo aghalabu hufika kati ya kilo 70 na 90, idadi inayomtia tamaa mtu asiyejua. Lakini mikono yake ni mifupi, na upote wake husafiri mwendo mfupi, kwa hiyo nguvu inayouingia mshale haiongezeki kwa kadiri ile ile. Wawindaji makini hujiwekea mpaka wa mita 30 au 40, wakijua kwamba mlio wa upote humfikia paa kabla ya mshale, akaruka, na mshale ukampiga tumboni badala ya moyoni. Basi hata mabingwa wa chombo hicho huishia mahali alipoishia mzee wa Ikutha: umbali si sifa ya kujivunia. Tofauti ni kwamba uta wa mkole humfundisha mtu mpaka huo kupitia maumivu ya bega, ilhali mtambo humwachia ajifunze kwa nidhamu yake mwenyewe, kama anayo.

Lakini kabla ya kijana kuchagua upinde wowote, sheria ilikuwa imekwisha kumchagulia. Hifadhi ya Taifa ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, ikazifunga kwa mpigo mmoja nyika ambazo Wakamba na Wata walizihesabu kuwa mawindo yao. Kampeni kubwa ya mwaka 1956 na 1957 iliwapeleka wawindaji wengi gerezani, na mtu aliyejulikana jana kama fundi wa porini akaitwa jangili. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, uliokusudia kuwaruhusu Wata wawinde kwa kipimo na kihalali kando ya hifadhi, lakini haukudumu katika umbo lake la awali. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na mwaka uliofuata ikapiga marufuku biashara ya nyara za wanyamapori. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ilifanya hata uwindaji wa kujitafutia kitoweo kuwa kosa. Kwa upande wa mwananchi wa Kitui, historia hii ina uchungu usiofichika. Wageni wenye bunduki na leseni waliwinda kwa fahari kwa miongo mingi, ilhali mwenye uta alihesabiwa mhalifu kwa kitendo kile kile.

Uchungu huo ni wa haki, lakini usigeuzwe kuwa hati ya kusafisha kila mshale. Yule bwana wa pili wa uta, soko la pembe, hakufa na Kivoi. Katika miaka ya 1970 na 1980 bunduki zilimaliza makundi makubwa ya ndovu, na ulinzi ulipoimarishwa baadaye, mshale wa sumu ukapendwa tena kwa sababu moja mbaya: haupigi kelele. Mwezi Mei mwaka 2014 ndovu dume aliyeitwa Satao, aliyejulikana duniani kwa pembe zake zilizokaribia kugusa ardhi, aliuawa kwa mshale wa sumu katika Tsavo Mashariki. Madaktari wa mifugo wanaofanya kazi na Shirika la Huduma za Wanyamapori wamewatibu ndovu wengi wenye vidonda vilivyooza, vilivyotokana na mishale ambayo sumu yake ilikuwa imepungua nguvu. Mwindaji wa zamani aliyeijaribu sumu katika mchirizi wa damu yake mwenyewe angeona haya. Mshale uliochacha, uliorushwa gizani na mtu asiyekusudia kufuata, hauna alama ya ukoo wowote. Huo ndio mshale uliopotea.

Je, kijana aliyepoteza ndengu zake aambiwe nini? Kumwambia apende wanyama ni kumtukana. Sheria ile ile ya 2013 inatambua fidia kwa mazao, mifugo na watu wanaodhuriwa, na ni wajibu wa serikali kuitoa kwa wakati, maana sheria inayomnyang'anya mtu uta wake imejitwika mzigo wa kumlinda shamba. Pili, kuna maarifa mengine ambayo Wakamba wanayo tayari. Ndovu huogopa nyuki. Huko Sagalla, katika nchi ya Wataita iliyo jirani ya Tsavo, wakulima wamezungushia mashamba mizinga iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akiugusa waya, mizinga yote hutikisika na nyuki hutoka. Uzio huo hauzuii kila ndovu kila usiku, lakini umepunguza uvamizi na kuwapa wakulima asali ya kuuza. Hakuna watu Afrika Mashariki wanaohitaji kufundishwa mzinga kidogo kuliko watu wa Kitui na Kibwezi, ambao babu zao waliuchonga kutoka magogo na kuuning'iniza mitini karne nyingi kabla ya neno mradi kuzoeleka.

Linabaki suala la uta wenyewe. Wapo wanaosema uchomwe, kwa kuwa umekuwa ushahidi wa kosa. Wapo wanaotaka uuzwe kwa watalii, ukiwa umepakwa rangi na kutiwa shanga. Yote mawili yanautendea kama kitu kisicho na elimu ndani yake. Njia ya tatu ni ngumu kidogo, lakini iko ndani ya uwezo wa vijana wa vyuo vikuu: kuketi na wazee wanaojua kuutengeneza maadamu wangali hai, kuandika majina ya kila sehemu yake kwa Kikamba na kwa Kiswahili, kupima mti na upote, kurekodi kanuni za nani alimiliki nini na nani alidaiwa nini, na kuhimiza mashindano ya kulenga shabaha ambayo hayamwagi damu ya mnyama yeyote. Kamusi zetu zina neno uta, lakini mwanafunzi anayelisoma humo hawezi kujua kwamba hupimwa kwa pumzi mbili za mvutaji. Zina neno upote, lakini hazimwambii kwamba usiachiwe bila mshale.

Elimu hiyo haihitaji ndovu afe ili iendelee kuishi. Yahitaji tu mtu akubali kuvuta mti mgumu kwa mkono wake, atulie nao, na ahisi mwenyewe pale nguvu zake zinapokoma. Vijana wa leo wamezungukwa na mitambo inayowaahidi umbali bila uchovu, nao watachagua mingi kati yake maishani mwao, mingine ikiwa na madhara makubwa kuliko upinde wowote. Ni vyema wawe wamekwisha kuulizwa, na mtu aliyewahi kutembea kutwa nzima nyuma ya nyayo za damu, ni nani atakayemfuata yule watakayemjeruhi.